Nimesimama zebra kupisha wanafunzi, nimegongwa nyuma, halafu eti kosa ni letu wote wawili!

Wakuu, hivi nchi hii ukigongwa nyuma ukiwa umesimama inabidi uombe radhi? Nimetoka kituoni sasa hivi nimeambiwa "madereva wote wawili hamkuwa waangalifu", na hapa naandika mikono inatetemeka kwa hasira.

Ilikuwa hivi. Natoka Ubungo naelekea Mwenge, Sam Nujoma, asubuhi ile ya wanafunzi kwenda shule. Mbele kuna zebra, watoto wameshaingia barabarani. Nikapunguza, nikasimama. Gari la pembeni yangu nalo likasimama. Watoto wakavuka, wa mwisho kaangusha daftari, kaliokota, kakimbia. Ile anapanda tu ukingo wa barabara, nikasikia kishindo, shingo ikarudi nyuma, na IST yangu ikasukumwa mpaka matairi ya mbele yakakanyaga zebra. Pale pale alipokuwa ameinama yule mtoto. Hilo hakuna aliyelizungumzia kituoni, hata kwa bahati mbaya.

Aliyenigonga ni Hilux dabo kabini ya kampuni moja, ina ngao ya chuma mbele. Ngao imechubuka rangi tu. Mimi mlango wa buti umeingia ndani, bampa linaning'inia, sakafu ya buti imekunjamana hadi tairi la spea halitoki.

Dereva alishuka mwenyewe akasema, "Dada samahani sana, niliinamia simu kidogo, tumalizane." Bodaboda waliokuwa kijiweni walimsikia. Nikamwambia sawa kaka, piga simu ofisini kwenu. Akapiga. Akaja bwana mmoja, sijui ndiye msimamizi wa magari yao, akamvuta pembeni wakanong'ona. Kuanzia hapo yule kaka akawa mtu mwingine. Kwanza nikawa "nimefunga breki ghafla". Tulipofika kituoni nikawa "nimerudi rivasi".

Rivasi! Kwenye zebra, saa ya foleni, gari la otomatiki, nitoe gia D niweke R nimfuate mtu aliye nyuma yangu, ili iweje?

Na hata hiyo ya breki ya ghafla, tuseme ni kweli. Si ndiyo maana unaambiwa uache nafasi? Kwa spidi ya 50, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Ukichelewa sekunde mbili tu kwa sababu uko kwenye simu, umeshatembea mita 28 kabla mguu haujagusa breki. Nisiposimama zebra, trafiki aliyejificha nyuma ya mti ananiandikia elfu thelathini. Nikisimama, nagongwa, naambiwa nimesimama vibaya. Sasa tufanyeje, turuke?

Kinachoniuma zaidi ni namna ushahidi ulivyotupwa. Afande alipofika, neno la kwanza: "Toeni magari, mnaziba barabara." Naelewa, foleni ilikuwa imeshafika mbali. Lakini hakupima kitu. Ramani ya ajali imekuja kuchorwa kituoni, kwenye meza, kwa maelezo ya mdomo, huku yule bwana wa kampuni amekaa kwenye kiti na mimi nimesimama. Kwenye ramani hiyo gari langu liko nyuma ya mstari wa kusimamia. Picha zangu zinaonyesha liko juu ya zebra! Ningekuwa nimerudi rivasi, lingefikaje huko mbele? Na zile alama nyeusi za matairi ya Hilux zinazoishia nyuma ya gari langu, gari lililosimama linaachaje alama za breki?

Nikatoa simu nionyeshe. Jibu: "Dada, picha za simu siyo ushahidi." Si kweli. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ipo tangu 2015 na inasema wazi kwamba taarifa ya kielektroniki haikataliwi kuwa ushahidi kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Uzito wake utapimwa, sawa, lakini huwezi kukataa hata kuitazama.

Fundi ndiye kanifungua macho. Alipiga magoti nyuma ya gari, akaniita: "Mama, hebu ona hapa." Ngao ya Hilux ikiwa imesimama iko juu kuliko bampa langu. Ila alama ya kugongwa iko chini, imeingia chini kabisa ya bampa. Akasema gari likifungwa breki kali pua yake inainama, ndiyo maana imeingia chini. Maana yake aliyekuwa anafunga breki kufa na kupona ni yeye. Gari lililopaki pua yake haiinami. Fundi umeme naye akafungua taa. Balbu ya breki haikuvunjika kioo, lakini kale kawaya ka ndani kamevutika, kamelegea kama uzi wa sweta. Ya rivasi, taa hiyo hiyo, kawaya kako vizuri kabisa. Waya ukiwa unawaka ni laini, ukipigwa kishindo unavutika. Uliozima unabaki ulivyo. Yaani breki zilikuwa zinawaka na rivasi ilikuwa imezima. Mkaguzi wa magari pale kituoni alizunguka gari mara moja, akagonga bodi kwa kidole, akasaini.

Kuna watakaosema nenda bima. Bima yangu ni ndogo, ile ya 118,000. Inamlipa mtu niliyemgonga mimi, mimi mwenyewe hainihusu. Wa kunilipa ni bima ya Hilux, na wao wanataka karatasi ya polisi inayosema dereva wao ndiye mwenye kosa. Bila hiyo hawafungui hata faili. Nimeshafika kwa msuluhishi wa migogoro ya bima kuuliza, wakanielekeza vizuri, siwalaumu: nianze na kampuni ya bima, ikinikatalia ndiyo nirudi. Lakini wao hawachori ramani. Ramani ni ya polisi. Ndiyo maana yule bwana alikuwa anatabasamu muda wote. Anajua "wote wawili" maana yake kila mtu atengeneze lake. Yeye atapaka rangi ngao jioni moja. Mimi fundi bodi anataka milioni moja na ushee, na mlango wa mtumba bado haujapatikana.

Sijasaini. Nimeambiwa nikikataa, shauri litaenda mahakamani na "nitapoteza muda wangu bure". Acha liende. Kesho naenda kwa RTO, mkuu wa trafiki wa mkoa, na barua, picha, balbu zote mbili kwenye bahasha, na bodaboda mmoja aliyekubali kuandika maelezo yake. Ninachoomba kwenu: aliyewahi kukataa ramani ya polisi ikarekebishwa, ulianzia wapi? Na ukaguzi wa gari mara ya pili unaombwa kwa nani? Mawakili mliopo humu, nitumieni pia PM.

Halafu wale wa "dada malizaneni tu yaishe", naombeni mpite kimya. Au kama mna hiyo milioni, nitaweka namba.