Mrejesho: ile Silver Sky ya John Mayer

Wakuu, niliuliza kama nijilipue na PRS Silver Sky, gitaa la umeme la mwanamuziki John Mayer lililotoka 2018, au nibaki na gitaa langu la Stratocaster. Hilo Silver Sky nimelishika dukani. Shingo inajaa kiganjani vizuri mno, na pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) hazichomi sikio hata ukifungua ampu, yaani kikuza sauti. Ila ubao wa vidole umeviringika sana, nusukipenyo inchi 7.25, nikivuta uzi wa kwanza kwenye freti (vile vyuma vya shingoni) za juu, sauti inakatika.

Nikajaribu Silver Sky SE, toleo la bei nafuu la Indonesia: ubao bapa kidogo zaidi, inchi 8.5, mwili wa mbao za popla badala ya alda. Mke wangu, aliyegeuka asione, hakuyatofautisha kwa sauti (na ana sikio huyo!). Nimechukua SE. Chenji inaenda kwenye ampu mpya, iliyopo inakoroma.