Naomba ushauri: bafu la kubeba kwenye gari, sitaki tena watoto waoge ziwani

Baba Wawili, Nyakato

Wakuu, mwangaluka.

Nina Prado ya zamani, na kila shule zikifungwa tunatoka kama familia kwenda kulala hemani kandokando ya Ziwa Victoria, mara Kayenze, mara upande wa Lamadi. Desemba hii tunataka kukaa Lamadi siku nne, na siku moja katikati tuingie Serengeti kwa lango la Ndabaka na kurudi jioni. Tutakuwa watano: mimi, mama watoto, mabinti wawili wa miaka 6 na 9, na mama mkwe wangu ambaye safari hii amekubali kuja.

Shida ni kuoga. Miaka yote tulikuwa tunaoga ziwani kama watu wengine wanavyooga. Mwaka juzi, miezi michache baada ya safari, binti mkubwa akaanza kulalamika tumbo, anachoka ovyo, mwisho tukaona damu kwenye choo. Kupimwa, kichocho. Alipewa vidonge akapona, namshukuru Mungu. Lakini siku ile tunatoka hospitali aliniuliza, "Baba, si ulisema maji yale ni masafi?" Sikuwa na jibu. Nimeamua hakuna mtoto wangu atakayeogea ziwani tena, na wala sitaki kuacha kuwapeleka, maana wanapapenda mno.

Nimejaribu kutengeneza bafu mwenyewe. Nilifunga dumu la lita 20 kwenye keria, nikalitoboa chini, nikaweka koki, mpira wa mita tatu na shawa ya plastiki. Jumamosi nikajaribu uani. Maji yalitoka vizuri kama nusu dakika, halafu yakawa matone. Nikatazama juu, dumu limebonyea ubavu kama shavu la mtoto anayenyonya. Nikainua shawa juu ya kichwa, yakakata kabisa.

Naomba mnisaidie. Ninunue pampu ya umeme wa gari? Itamaliza betri tukwame kule? Maji ya uvuguvugu kwa mama mkwe nayapataje? Na je, nikichota maji ya ziwa nikayaweka kwenye dumu, yanafaa kuogea au tatizo ni lile lile?

Fundi Bomba wa Igoma

Kaka, kazi yako si mbaya, kuna vitu viwili tu umekosea.

Dumu kubonyea maana yake hewa haiingii. Maji yakitoka lazima hewa iyafuate nyuma, usipoipa njia dumu linavuta kuta zake, na likishindwa kubonyea zaidi maji yanasimama. Legeza mfuniko, au toboa tundu dogo kwenye mfuniko na utafute cha kulizibia gari likiwa barabarani.

La pili ni kimo. Nguvu ya maji ya kushuka inatokana na tofauti ya urefu kati ya maji na shawa, basi. Mita moja inakupa moja ya kumi ya baa (kipimo cha mgandamizo), ambayo ni kidogo sana. Paa la Prado liko karibu mita 1.9, na wewe shawa umeishika juu ya kichwa, yaani mita hizo hizo 1.9. Maji yashuke kwenda wapi? Ukiishika kiunoni utaona yanatoka. Mtoto wa miaka 6 ataoga vizuri chini ya dumu lile, wewe na mama mkwe hapana.

Dereva wa Porini

Mkuu achana na dumu. Chukua bomba la PVC la inchi nne, mita mbili, lipake rangi nyeusi, ziba ncha zote mbili, weka koki mbele na valvu ya tairi nyuma, lifunge kwenye keria. Jua linachemsha lenyewe. Ukifika unajaza upepo kwa pampu ya matairi, maji yanatoka kama ya hotelini. Nimeona watu wengi wanalo.

Fundi Bomba wa Igoma

Dereva, nakuheshimu, ila hapo kwenye upepo nakukatalia kabisa. Bomba la inchi nne wanalouza wengi ni la maji taka, ukuta wake mwembamba, halikutengenezwa kubeba mgandamizo wowote. Hata lile la maji safi, namba iliyoandikwa ubavuni ni kwa maji ya baridi. PVC ikipata joto inalegea, na wewe umeipaka rangi nyeusi ukaianika juu ya paa saa saba mchana. Maji yakipasua bomba yanamwagika tu. Upepo ukipasua bomba unarusha vipande kama vioo, na wanaosimama chini ni watoto wenye sabuni machoni.

Bomba lenyewe ni zuri, linabeba lita 16 hivi na linapata moto kweli. Litumie bila upepo: inua ncha ya nyuma kidogo, fungua mfuniko hewa iingie, ogea ukiwa umekaa kwenye kigoda. Ukitaka nguvu, tumia pampu.

Mkulima wa Magu

Ndugu yangu, sisi wa pamba jibu tunalo mgongoni. Nunua bomba la kupulizia dawa, lile la lita 16 la kusukuma kwa mkono. Ng'oa kile kichwa cha kupulizia, weka shawa ndogo yenye matundu membamba. Halina umeme, halina fyuzi, na maji linatoa kidogo kidogo kwa hiyo lita zako 16 zinakwenda mbali. Mimi naogea hilo nikilala shambani msimu wa palizi.

Sharti ni moja na nalisema kwa herufi kubwa: LIWE JIPYA. Usiazime la jirani, usinunue lililotumika hata ukiambiwa limeoshwa mara kumi. Dawa ya pamba inaingia kwenye plastiki na kwenye mipira ya ndani, haitoki. Na ukishalinunua liandike kwa rangi nyekundu pande zote mbili, MAJI YA KUOGA, ili siku haupo nyumbani mtu asije akalitilia dawa ya nyanya.

Muuguzi wa Ziwa

Baba Wawili, pole kwa mtoto. Niko kwenye kazi hii na swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niandike.

Kichocho hakiingii kwa kunywa tu kama wengi wanavyodhani. Vimelea vinatoka kwenye konokono wadogo wanaokaa majini karibu na matete na majani, vinaogelea, na vikigusa ngozi vinapenya ndani ya dakika chache. Vinatoka kwa wingi mchana, jua likiwa kali, saa ile ile ambayo watoto wanapenda kucheza majini. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea.

Maji ya ziwa yakimwagwa kwenye ngozi saa ile ile yaliyochotwa, hata kwa shawa ya bei mbaya, ni sawa na kuingia ziwani. Lakini kimelea kikishatoka kwenye konokono hakiishi muda mrefu bila kupata mtu. Maji yakikaa kwenye chombo chenye mfuniko saa 48, kwa kuoga yanakuwa salama upande wa kichocho. Ila yachuje kwa kitambaa wakati wa kujaza, maana konokono mmoja akiingia dumuni ataendelea kutoa vimelea vingine. Njia nyingine ni kuyachemsha mpaka yatokote dakika moja, kisha yapoe.

Kutunza siku mbili hakuyafanyi yawe ya kunywa. Watoto wakiwa chini ya shawa hufungua midomo, kwa hiyo wao waogee maji ya bomba uliyobeba kutoka nyumbani, ya ziwa yaliyolala mtumie watu wazima.

Anayekwenda kuchota avae mabuti ya mpira, achote kwa ndoo yenye kamba kutoka kwenye jiwe au gati, mbali na matete. Wala si jioni. Mamba na viboko upande ule wapo. Na mliokwisha kuoga ziwani miaka yote hiyo, nyie wazazi mmepima? Kichocho kinakaa mwilini miaka bila kelele huku kinaharibu ini. Aliyeingia majini safari ya karibuni asubiri wiki 6 hadi 8 ndipo apime, akipima mapema mno kinaweza kisionekane.

Mama Kulwa

Mmeongea mabomba tu, hakuna aliyemfikiria mama mkwe! Baba Wawili, yule mama hawezi kuoga mahali ambapo mkwewe anaweza kupita akamwona hata kivuli. Usipompangia hilo hataoga siku nne, atakaa kimya, na hutamsikia akilalamika.

Fungua mlango wa nyuma wa gari, funga turubai kuanzia kwenye mlango mpaka kwenye miti miwili, lizunguke kote hadi chini. Usitegemee kanga, upepo wa ziwa jioni unaiinua. Turubai lako weka mawe chini au lifunge kwa vigingi. Taa iwe nje ya turubai, ikiwa ndani kivuli cha mtu kinaonekana chote. Chini weka kreti la soda lililopinduliwa, miguu inakaa juu ya tope na maji yanapita. Wanawake waoge kwanza, wewe ukiwa umekwenda kutafuta kuni, na usirudi mpaka uitwe.

Na maji ya sabuni yasirudi ziwani. Tembea hatua 80 kutoka ukingoni ndipo uweke bafu lako. Kuna watu wanachota maji ya kupikia pale pale.

Umeme wa Magari, Mabatini

Pampu ya volti 12 haimalizi betri, hiyo hofu iondoe. Ndogo za diaframu, zinazosukuma maji kwa utando wa mpira, zinakula ampea 4 hivi. Ukiitumia dakika kumi jioni nzima hujafikisha hata ampea-saa moja, na betri yako ni ya ampea-saa 70 hivi. Kinachokwamisha watu porini ni muziki na friji usiku kucha.

Chukua inayotoa lita 4 au 5 kwa dakika. Usichukue zile za kutoa maji kwenye boti, zinamwaga dumu zima kabla hujapaka sabuni. Waya wa milimita 2.5, fyuzi ya ampea 10, na hiyo fyuzi ikae karibu kabisa na betri upande wa chanya. Waya mrefu usio na fyuzi unaopita chini ya zulia la gari ndiyo moto wenyewe. Weka na kichujio kabla ya pampu, punje moja ya mchanga inaua vali.

Madumu yabaki ndani nyuma ya kiti, yafungwe. Lita 60 ni kilo 60, barabara ya vumbi yenye makorongo uzito huo juu ya paa unalaza gari.

Dereva wa Porini

Kwa maji ya moto kuna kile kifaa kinachounganishwa na mipira ya hita ya injini, maji ya rejeta yanapasha ya kuogea bila kukutana. Vipi hicho?

Umeme wa Magari, Mabatini

Kinafanya kazi, ila unakata mipira ya injini ili upate ndoo ya uvuguvugu Mwanza. Klipu moja ikilegea rejeta inakauka na injini inaungua ukiwa mbali na gereji. Maji yanaweza pia kutoka ya kubabua. Huku kwetu sufuria inatosha.

Fundi Bomba wa Igoma

Hesabu ya sufuria: huku kwetu mwinukoni maji yanachemka nyuzi 96 hivi, ya dumuni yana 24 hivi. Lita 4 za kuchemka kwenye lita 16 za kawaida zinakupa nyuzi 38. Anza na ya baridi, ya moto yafuate, dumu lisije kulainika. Pima kwa kiwiko kabla ya mtoto.

Baba Wawili, Nyakato

Wakuu, tumerudi juzi, nawaletea majibu.

Nilichukua pampu ya diaframu na bomba la mkulima, jipya, la akiba. Tuliondoka na madumu matatu ya maji ya nyumbani. Tulifika Ijumaa asubuhi, nikachota mawili ya ziwa kutoka kwenye jiwe, nikachuja kwa kitenge kilichokunjwa mara nne, nikayaandika kwa chaki "Ijumaa saa 4". Hayakuguswa mpaka Jumapili saa nne ilipopita. Kwenye kitenge nilikuta konokono wawili, wembamba kama kitufe cha shati. Niliwaonyesha mabinti. Yule mkubwa aliwatazama muda mrefu bila kusema kitu.

Mtu mmoja alitumia lita 5 hadi 6: unalowa, unazima, unapaka sabuni, unawasha. Jumamosi tulirudi kutoka Serengeti tumejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, na dumu lile la tatu liliisha siku hiyo, kwa hiyo Jumapili asubuhi nikajaza moja kwenye bomba la mjini Lamadi.

Makosa yalikuwepo. Kichujio niliweka baada ya pampu badala ya kabla, siku ya pili ikaanza kukohoa, nikaifungua na kutoa mchanga. Jioni hiyo tulioga kwa bomba la mgongoni, na mabinti walilipenda kuliko pampu kwa sababu walisukumiana zamu.

Turubai lilikaa kama Mama Kulwa alivyosema. Jioni ya kwanza nilikaa kwenye kuni karibu saa nzima. Niliporudi mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunga kitenge kikavu, anajipaka mafuta miguuni, akaniuliza maji yale ya moto kesho yatakuwepo.

Muuguzi, tumepima sote kabla ya safari. Mimi nilikuwa nacho. Nimekunywa dawa.