Naomba ushauri: fahari ya kujitengenezea vitu nyumbani imeanza kunigombanisha na mke wangu

Bisibisi Mkononi (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu. Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji wa kimya humu, na leo nimelazimika kuandika kwa sababu jambo linalonisumbua, kila nikiwaeleza watu wa karibu, huishia kucheka.

Miezi minne iliyopita koki ya sinki la jikoni ilianza kuvuja. Lilikuwa tone moja moja tu, lakini usiku nyumba ikishatulia tone lile lilikuwa linagonga kama nyundo. Fundi niliyemzoea aliniambia "kesho" mara tatu. Siku ya nne nilifunga maji kwenye koki kuu, nikaifungua ile inayovuja ili maji yaliyobaki kwenye bomba yaishe, nikaziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isije ikanitoroka, kisha nikashika spana. Ndani nilikuta kimpira kidogo kuliko kifungo cha shati, kimelika upande mmoja hadi kikawa na mfereji. Nilikibeba hadi dukani kikiwa kimefungwa kwenye karatasi, nikapata kingine cha ukubwa uleule, nikakiweka mahali pake. Nilipofungulia maji na kuuona mdomo wa koki umekauka, nilisimama pale kwa muda ambao naona haya kuutaja. Usiku ule niliamka mara mbili kwenda jikoni kusikiliza kimya.

Tangu hapo sijatulia. Mlango wa chumba cha watoto uliokuwa ukikwaruza sakafu nimeunyanyua: matundu ya skrubu za bawaba yalikuwa yamepanuka, nikayajaza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, nikaacha zikauke hadi asubuhi, kisha nikakaza skrubu upya. Boya la tangi la choo nimelirekebisha. Ufa wa ukutani, nakiri, ulinishinda. Nilichanganya saruji na mchanga, nikausiliba vizuri kabisa, na baada ya wiki moja kiraka chote kilibanduka kikiwa kizima kama ganda la yai.

Sasa limekuja la soketi ya sebuleni. Pasi ikichomekwa hapo, plagi huwa ya moto, kuna harufu ya plastiki kuungua, na kifuniko kimeanza kuwa cha kahawia pembeni mwa tundu moja. Sakiti breka haijawahi kujikata hata mara moja, kwa hiyo nimechukulia kwamba hitilafu ni ndogo. Soketi mpya nimeshanunua. Mke wangu amekataa katakata na kusema aitwe fundi, akaongeza kwamba ninachotafuta siku hizi ni sifa, wala si kutengeneza. Maneno hayo yaliniuma kuliko nilivyotarajia, na tangu jana tunasalimiana kwa adabu tu.

Nina maswali mawili. Je, mtu asiye fundi anajuaje mahali ambapo kazi yake inapaswa kuishia? Na je, ni utoto kwa mtu mzima kujivunia kimpira cha koki?

Mzee wa Msumeno

Ndugu yangu, nianze na swali la pili, maana la kwanza wapo watakaolijibu vizuri kuliko mimi. Si utoto hata kidogo. Mtu anaweza kuishi katika nyumba miaka kumi bila kujua maji yanafungiwa wapi, na siku bomba likipasuka akabaki anazunguka na ndoo huku akipiga simu. Wewe leo unajua. Unajua mlango wako umening'inia kwenye nini na choo chako kinajuaje kwamba tangi limejaa. Fahari unayoisikia inatokana na kuacha kuwa mgeni katika nyumba yako mwenyewe, na sioni kwa nini uionee haya.

Tuje kwenye ufa, kwa sababu hapo ulifanya kosa ambalo hata mafundi wenye haraka hulifanya. Ukuta mkavu unakunywa maji. Ukiubandika saruji mbichi, unafyonza maji yote kabla saruji haijashika, na kinachobaki ni unga ulioganda juu juu. Bandua vyote vilivyolegea, tanua ufa kidogo ili kiraka kipate pa kushika, safisha vumbi, lowesha ukuta hadi uache kunywa, ndipo usilibe. Baada ya hapo endelea kukinyunyizia maji kiraka kwa siku kadhaa; wajenzi wengi huhesabu 7. Saruji haikauki kama nguo kwenye kamba, bali inahitaji maji ili igeuke kuwa jiwe, na ndiyo maana uimara wa zege hupimwa siku ya 28. Hata hivyo, kabla ya yote hayo chora alama kwa penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe. Iwapo baada ya miezi michache ufa umevuka alama zako, acha kuziba na umtafute mtu wa kuangalia msingi.

Kuhusu njiti za kiberiti sina neno, ila kama mlango ni wa mbao nzito, bawaba ya juu ndiyo inayovutwa zaidi. Itafutie skrubu ndefu zaidi zinazofika kwenye mbao nzima ya fremu.

Nyaya na Vyuma

Mimi ni fundi umeme na nitasema bila kuzunguka: acheni kuitumia soketi hiyo leo, si kesho, na mzime sakiti yake hadi itakapofunguliwa.

Umeandika kwamba breka haijajikata, hivyo hitilafu ni ndogo. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Breka ya kawaida hupima kiasi cha umeme unaopita na kujikata kiasi hicho kikizidi. Waya ukilegea kwenye skrubu yake ndani ya soketi, pasi yako inaendelea kuvuta umeme uleule wa kila siku, isipokuwa sasa unapita penye mguso mwembamba, na penye mguso mwembamba ndipo joto linapozaliwa. Joto linalegeza zaidi, na kulegea kunaongeza joto. Breka haioni chochote cha ajabu, maana haina pua. Pua unayo wewe, na imeshakwambia.

Sasa swali lako la mpaka. Watu hupenda kugawa kazi kuwa nyepesi na ngumu, lakini kubadilisha soketi si kazi ngumu. Ni skrubu chache tu. Kipimo ninachowapa wateja wangu ni hiki: ukikosea, kosa litajitokeza lini, na litamwangukia nani? Koki uliyoifunga vibaya itakulowesha dakika ileile, utacheka, utaifungua tena. Waya ulioukaza vibaya utafanya kazi vizuri siku ya kwanza, na mwezi wa kwanza, kisha utaanza kuungua ndani ya ukuta usiku ambao wewe umelala na watoto wamelala. Gesi nayo ni hivyo hivyo, na hata bomba linalopita ndani ya ukuta, kwa sababu linaweza kulowesha msingi muda mrefu kabla hujaona doa. Kosa linalojitangaza ni la kujifunzia. Kosa linalonyamaza mwachie aliyefundishwa kulitafuta. Zipo pia nchi ambazo sheria hairuhusu mtu asiye na leseni kugusa nyaya za ukutani, kwa hiyo ujue kwanza sheria ya ulipo.

Jambo moja zaidi, kwa yeyote atakayefungua hata swichi ya taa. Usiamini maandishi ya kwenye sanduku la breka, kwa sababu aliyeyaandika huenda alihama kabla nyumba haijaongezwa vyumba. Ijaribu testa (kile kifaa kinachowaka penye umeme) mahali unapojua pana umeme, kisha pale unapotaka kufungua, kisha irudishe pale pa kwanza kuhakikisha kwamba haijafa katikati. Ni hatua tatu, na haziruki hata aliyeifanya kazi hii miaka thelathini.

Mpangaji Mtiifu

Mkataba wangu unaniruhusu kubadilisha balbu tu, nami naibadilisha kwa heshima zote. Nawasoma kwa wivu.

Mama Pacha

Kaka, naomba niseme kama mke na kama mtu mwenye sanduku lake la vifaa, kwa sababu kwetu mambo ni kinyume: mimi ndiye ninayefungua vitu, na mume wangu ndiye anayekaa na wasiwasi.

Ninakubaliana na fundi kuhusu soketi. Lakini sidhani kama mkeo anagombana na soketi. Hebu jiulize, katika miezi hii minne, nyumba imekaa mara ngapi bila maji au bila mlango kwa ajili ya masomo yako? Mimi niliwahi kufungua tangi la choo saa mbili usiku kwa sababu sikuridhika na jinsi maji yalivyokuwa yakivuja taratibu kuingia kwenye bakuli. Nilikuwa nimeshathibitisha: nilitia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi, nikakaa nusu saa bila mtu kuvuta maji, na rangi ikaonekana chini. Nilikuwa sahihi kabisa kwamba mpira wa chini ulikuwa umechoka. Mpira mwenyewe ulikatika mkononi mwangu, maduka yalikuwa yamefungwa, na familia ya watu wanne ikaendesha choo kwa ndoo hadi kesho yake adhuhuri. Hakuna aliyenipongeza kwa utambuzi wangu wa rangi.

Tangu siku ile sifungui kitu jua likishazama, na sifungui kitu ambacho kipuri chake hakipo mezani. Na kabla ya kuanza nawaambia walio nyumbani nitazima nini na kwa saa ngapi. Ajabu ni kwamba nilipoanza kuwaambia, walianza kuja kunishikia tochi.

Naomba pia nitofautiane kidogo na Nyaya na Vyuma. Kipimo chako ni kizuri, ila wapo mafundi ambao makosa yao hunyamaza vilevile, na mwenye nyumba asiyejua lolote hana namna ya kuwabaini. Kwa hiyo ni bora kaka asiache kujifunza habari za umeme, hata kama mikono yake haitagusa.

Bisibisi Mkononi

Nashukuru kwa majibu, hasa kwa yale yaliyonichoma. Nimekwisha kuzima. Swali dogo kwa Nyaya na Vyuma: fundi akija, je, anaudhika mteja akisimama kumtazama? Na je, nimwambie kwamba wiki iliyopita nilishakifungua kifuniko na kuchungulia, au nikae kimya nisije nikaonekana mjuaji?

Nyaya na Vyuma

Mwambie kila kitu. Mama Pacha amesema kweli kuhusu baadhi yetu, na sitamjibu kwa kujitetea. Ila nikuambie kinachotuumiza sisi: si mteja aliyejaribu, ni mteja aliyejaribu akaficha. Niliwahi kupoteza siku nzima nikitafuta kwa nini taa za chumba kimoja zinafifia, mwenye nyumba akiapa kwamba hakuna aliyegusa chochote. Jioni nilikuta juu ya dari nyaya mbili zimesokotwa kwa vidole na kufungwa tepu ya kufungia maboksi. Angenionyesha asubuhi, ningemaliza kwa dakika ishirini, wala nisingemcheka, kwa sababu na mimi nilianza kwa kusokota.

Kutazama, omba ruhusa, simama nyuma, usimsemeshe akiwa na mkono ndani. Akishatoa mkono muulize chochote. Fundi mzuri hupenda kuulizwa.

Bisibisi Mkononi

Narudi na taarifa, kama nilivyowaahidi wawili kati yenu kwa ujumbe wa faragha.

Fundi amekuja leo asubuhi. Nilimweleza yote, pamoja na kifuniko nilichokichungulia, akaitikia kwa kichwa tu. Alinionyesha breka niliyoizima, iliyoandikwa "sebule" kwa wino uliofifia, kisha akaweka testa kwenye soketi yenye hitilafu. Testa ikawaka. Siku zote hizi tulikuwa tumezima soketi za upande wa pili, huku hii ikilishwa na breka iliyoandikwa "jikoni". Kwa vile taa ya mezani iliyokuwa upande wa pili ilizimika, mimi niliridhika. Nilikuwa na soketi mpya mfukoni na bisibisi mezani, na kama nisingekatazwa ningeanza Jumamosi, nikiwa peke yangu nyumbani.

Alipoifungua, skrubu ya waya mmoja ilikuwa imelegea kiasi cha kuzungushwa kwa kidole, na ganda la waya lilikuwa jeusi kwa urefu wa kucha ya gumba. Aliukata hadi akafika penye shaba safi, akafunga soketi mpya, akanionyesha namna ya kuvuta waya kidogo baada ya kukaza ili kuhakikisha umeshika. Ile niliyoinunua aliitumia.

Baada ya kuondoka kwake nilimwomba mke wangu radhi, na sikutumia maneno mengi. Jioni tuliandika upya karatasi ya sanduku la breka: mimi nilikuwa nazima moja baada ya nyingine, naye alikuwa akitembea na taa ya mezani kutoka soketi hadi soketi, akipaza sauti kila inapozimika. Watoto walipewa kazi ya swichi za taa. Kila breka sasa ina jina lake, isipokuwa moja ya mwisho upande wa kulia, ambayo tumeizima na kuiwasha mara tano bila kitu chochote kuzimika ndani ya nyumba. Nyaya na Vyuma, hiyo inaweza kuwa ya nini?