Form four wangu wamepaniki baada ya moko, nina dakika 20 tu kwa siku, nifanye nao nini?

Mwalimu_wa_Zamu

Wakuu habarini. Mimi ni mwalimu wa shule ya kata, huku mikoani, nafundisha Kiswahili na Historia, na mwaka huu nikapewa na hii kazi ya unasihi maana aliyekuwa nayo kahamishwa. Form four wangu wako 94, wameingia kambi la kujiandaa na mtihani wa Novemba, wanalala shuleni madarasani kwenye magodoro waliyotoka nayo kwao.

Ishu ni hii. Matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio, yametoka na mwalimu wa taaluma kayabandika ubaoni kama kawaida, wa kwanza mpaka wa mwisho. Tangu hapo hali sio. Kuna binti ni kichwa kweli kweli, kwenye moko ya Hesabu kakaa masaa matatu kaandika namba ya mtihani basi, nikamuita akaniambia "mwalimu mikono ilikuwa inatetemeka nikawa naona namba zinaogelea". Wiki iliyopita mabinti wawili wameanguka prepu ya usiku wakipiga kelele, kambi zima likataharuki, kesho yake nusu ya wazazi wanasema mashetani nusu wanasema njaa.

Mkuu wa shule amenipa dakika 20 kila siku baada ya uji wa saa nne. Niliwahi kwenda semina moja wakatufundisha maindifulnesi, ile kukaa kimya unasikiliza pumzi yako, akili ikitoroka unairudisha taratibu. Nikajaribu. Nikawaambia fungeni macho, vuteni pumzi. Jamani. Kule nyuma mvulana mmoja akakoroma kwa makusudi, darasa lote likaangua kicheko, na jioni mzazi kanipigia simu anauliza mwalimu unawafundisha wanetu majini?

Sasa naomba wenye uzoefu. Bajeti ni sifuri, uwanja upo, mwembe upo. Nifanye nao nini kisionekane sala wala utoto?

Chaki_na_Vumbi

Mwalimu mwenzangu pole. Kosa lako ni dogo tu, umeanza na macho. Mtoto wa miaka 17 mwenye hofu ukimwambia afumbe macho mbele ya wenzake 93 unamuongezea hofu nyingine, sasa anawaza nani ananitazama. Anza na mikono.

Mimi nilifundisha miaka 22 na silaha yangu ilikuwa mdako. Usicheke. Kishimo kidogo chini ya mwembe, kokoto kumi au kumi na mbili, moja unarusha juu, ikiwa hewani unazoa zilizo shimoni halafu unaidaka kabla haijaanguka. Jaribu kucheza mdako huku unawaza divisheni yako uone kama hiyo kete utaidaka! Haidakiki. Akili lazima iwe hapo kwenye kokoto, ikitoroka unakosa, unacheka, unaanza tena. Hiyo semina yako walikuambia nini zaidi ya hicho? Akili ikitoroka irudishe taratibu. Bibi zetu walikuwa nayo wakaiita mchezo.

Wavulana watasema mdako wa kike, waache waseme, weka bao pembeni kama lipo, lile la mashimo 32 na kete 64, na kama halipo chimbeni ardhini, kete zitakuwa mbegu za komwe au kokoto. Siku za moto piga rede, mpira wa soksi na chupa ya kujaza mchanga katikati. Nilikuwa nawaangalia wale wa katikati, mkono mmoja unajaza mchanga jicho liko kwenye mpira, wakitoka pale wanahema na wanacheka, ndio unawakalisha chini ya mti. SASA ndio unaongelea pumzi, maana kila mmoja anaisikia ya kwake bila kulazimishwa.

Na usiseme "vuta pumzi", sema "puliza uji". Kila mtoto anajua kupuliza uji wa moto, unapuliza polepole na kwa muda mrefu, ukipuliza kwa nguvu unamwagika kwenye sare. Shika kikombe cha hewa, vuta harufu, puliza. Mara sita saba. Siri iko kwenye kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana ukivuta moyo unaongeza mwendo kidogo na ukitoa unapunguza. Kwenye chumba cha mtihani anaweza kufanya na msimamizi asijue kitu.

Jambo moja la mwisho halafu nanyamaza. Usitoe maksi. Usiweke timu bora ya wiki, usibandike majina. Nilifanya hivyo mwaka mmoja nikajiona mbunifu, siku ya tatu watoto wakaanza kugombana na kuibiana kokoto. Niliua mchezo kwa mkono wangu.

Msema_Kweli_Daima

Haya mambo ya kizungu tu. Sisi tumesoma na kibatari, tunatembea kilometa nane, fimbo kila asubuhi na tukafaulu. Kizazi hiki kimelegea. Wakacheze kokoto halafu Novemba wakapate ziro, mtamlaumu nani?

Mama_Wawili_Tanga

Kaka Msema Kweli, mliofaulu ndio mko hapa mnasimulia, walioanguka hawana bando.

Ila kuna sehemu nakubaliana naye kiaina, kokoto peke yake hazitoshi. Mwalimu, hebu tuambie kambini wanalala saa ngapi? Mdogo wangu alikuwa kambi kama hilo, prepu mpaka saa tano usiku, saa kumi alfajiri kengele. Masaa matano. Wataalamu wa usingizi wanasema umri huo wa 13 mpaka 18 wanatakiwa masaa nane mpaka kumi. Mtoto huyo hata umpulizishe uji wa pipa zima bado mikono itatetemeka. Pia hayo matokeo ya kubandikwa mwenyewe umeyasema kwa kupita tu, kumbe mimi naona ndio nusu ya ugonjwa. Unampa dawa asubuhi, mchana mwenzako anampa sumu.

Na hata wazungu wenyewe hii maindifulnesi haijawatii kila mahali. Uingereza walijaribu kuifundisha mashuleni kwa wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 mpaka 14, majibu yakatoka 2022, haikuwasaidia kuliko masomo ya kawaida ya malezi waliyokuwa nayo, na wengi hata mazoezi ya nyumbani hawakuyafanya. Kwa hiyo ukiona wako wanakoroma kwa makusudi usidhani ni wa kijijini, ni watoto tu.

Upande wa wazazi, nakushauri mwalimu usifiche. Waite, waambie neno kwa neno unafanya nini, na waruhusu wakae watazame. Mimi ni Muislamu, nikisikia shule inafundisha "meditesheni" kweli nitashtuka. Nikisikia wanacheza mdako halafu wanatulia dakika tatu wanasikiliza ndege, nitashtuka nini? Mwenye kutaka kuleta uradi moyoni atauleta, mwenye sala yake ataisali, wewe usiwape maneno ya kusema. Hata Jon Kabat-Zinn, msomi wa Marekani aliyeiingiza maindifulnesi hospitalini Massachusetts mwaka 1979, alikuwa na wagonjwa wa maumivu sugu, na yeye mwenyewe alitoa vitu vya dini pembeni ili kila mtu aweze kuingia.

Mhaya_wa_Diaspora

Nimekuja kwa ajili ya hao mabinti wawili walioanguka.

Wakuu mnakumbuka Kashasha? Kwetu wazee bado wanahadithia. Tarehe 30 Januari 1962, hata miezi miwili ya uhuru haijatimia, shule ya bweni ya wasichana Kashasha huko Bukoba, mabinti watatu wakaanza kucheka. Wakashindwa kuacha. Ikasambaa mpaka wakafika 95 kati ya wanafunzi 159, wengine wanacheka wengine wanalia, kuna waliodumu nayo masaa na wengine siku kadhaa. Machi 18 shule ikafungwa, watoto wakarudishwa makwao na ugonjwa ukaenda nao vijijini. Madaktari wakapima wakatafuta sumu kwenye chakula wakatafuta wadudu, hawakukuta kitu. Na cha ajabu walimu hata mmoja hakuupata. Maelezo yanayokubalika zaidi mpaka leo ni msongo, mabinti wadogo wamebanwa na hawana pa kusemea.

Kwa hiyo mwalimu ukiambiwa ni mashetani usibishane sana, na ukiambiwa wanaigiza kataa kabisa. Hawaigizi. Wanachotaka ni pa kutolea. Mwili usipopewa mlango unatoboa ukuta. Ikitokea tena usiruhusu kambi zima lijae kutazama, watoe wengine nje kwanza bila kelele, huyo aliyeanguka abaki na watu wawili anaowaamini, mpelekeni na zahanati waangalie kama kuna malaria au kifafa au kweli hajala. Na asiulizwe maswali mbele ya watu.

kidato_cha_sita_mstaafu

Mimi nilikuwa kama huyo binti wa Hesabu. Yaani copy. Form four nilisomaga mpaka wenzangu wakaniita mwalimu, siku ya Hesabu nimefungua karatasi, swali la kwanza nimelifanya mara mia nyumbani, likawa kama limeandikwa kichina. Nikasikia moyo masikioni. Kilichoniokoa ni mwalimu mmoja wa Baiolojia alikuwa ametuzoesha tangu Juni, kila kabla ya jaribio anatupa dakika kumi na karatasi chafu anasema andikeni mnachoogopa, hakuna atakayesoma, mkimaliza chaneni. Mwanzoni tuliandika ujinga, mi niliandika naogopa wali wa leo umeungua 😂 halafu siku moja nikajikuta nimeandika naogopa baba atauza ng'ombe bure. Nikalia pale pale ila jaribio nikalifanya vizuri.

Baadaye chuo nikaja kukuta kumbe hilo limefanyiwa utafiti, kuna akina Ramirez na Beilock wa Chicago walichapisha 2011, wanafunzi waliopewa dakika kumi kuandika wasiwasi wao kabla ya mtihani walifanya vizuri kuliko waliokaa tu, na waliofaidika zaidi ni wale waoga wa mitihani. Nadhani kichwa kikishatua mzigo kwenye karatasi kinapata nafasi ya kukokotoa. Siku ya mtihani wenyewe sikuwa na hiyo karatasi, nikatumia kidole, naandika juu ya paja. Namba ziliacha kuogelea. Nilipata C ila ni C yangu.

Muambie huyo binti nampa hi.

Pwani_254

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu pia tuko na hiyo shida, muhula wa pili ndio mbaya, ule wa moko. 2016 mabweni yalichomwa shule zaidi ya mia, kila mtu akasema nidhamu nidhamu, wachache ndio waliuliza watoto wana nini.

Kitu nimeona inafanya kazi ni kutumia vijana. Kuna shirika hapa Kenya linaitwa Shamiri, wao huchukua vijana waliomaliza sekondari juzi juzi tu, wanawafundisha kidogo, halafu hao ndio hukaa na wanafunzi kwa vikundi vidogo, saa moja kwa wiki, wiki nne. Hawaongei kuhusu ugonjwa wa akili hata kidogo. Wanaongea kuhusu ubongo kukua ukijaribu, kuhusu kushukuru, na vitu gani ni muhimu kwako. Walipima na dalili za huzuni na wasiwasi zilishuka kuliko kwa wale waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Mwalimu, wewe una 94 na uko peke yako. Tafuta waliomaliza mwaka jana wako hapo kijijini wamekaa kijiweni, hata watano. Mwanafunzi hawezi kukwambia wewe vile anaogopa, wewe ndio unashika chaki. Lakini dada wa juzi atamwambia.

Mwalimu_wa_Zamu

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, samahani nilikosa bando na pia nilikuwa sina la kusema.

Mdako umekubali kuliko nilivyotegemea. Wavulana siku ya kwanza walisimama pembeni na mikono mfukoni, siku ya nne yule mkoromaji ndio bingwa na anafundisha wenzake kuzoa kokoto sita kwa mpigo. Rede tunapiga Jumatatu na Ijumaa. Kupuliza uji limekuwa neno la shule nzima, mpaka form one wakigombana utasikia "we dogo puliza uji kwanza". Kukaa kimya tumefikia dakika mbili, ya tatu lazima mtu achekeshe, nimeacha kuilazimisha.

Wazazi niliwaita, walikuja kumi na mmoja. Yule aliyenipigia simu ya majini alikaa chini ya mwembe akatazama, mwisho akavua kandambili akaingia kucheza. Alitufunga wote.

Ya usingizi ilikuwa vita. Mwalimu wa taaluma hakutaka kusikia. Nikawaomba wanafunzi waandike kwenye karatasi chafu bila majina ni saa ngapi kichwa kinagoma kusoma, karibu wote wakaandika saa tatu unusu, saa nne. Nikampelekea mkuu lile rundo. Prepu sasa inaisha saa nne na kengele ni saa kumi na moja. Najua Mama Wawili bado utasema haitoshi na kweli haitoshi. Matokeo ubaoni bado yanabandikwa, hapo nimeshindwa, ila nimeruhusiwa kumuita kila mmoja nimpe yake mkononi siku moja kabla.

Waliomaliza mwaka jana nimepata watatu, mmoja dereva wa bodaboda anakuja akiwa hana abiria.

Binti wa Hesabu: jaribio la juzi kafanya maswali tisa kati ya kumi na nne. Alivyokuja kukabidhi karatasi nikaona paja la sketi limechafuka chaki, nikamuuliza, akasema kidole hakikutosha akaomba kipande cha chaki. kidato_cha_sita_mstaafu, salamu zako zilifika. Amesema nikuulize, je baba aliuza ng'ombe?

kidato_cha_sita_mstaafu

Aliuza wawili. Mmoja alizaa kabla hajauzwa, ndama tunaye mpaka leo 😂