Naomba ushauri: kijana wangu na betri za laptop

Habari zenu wakuu. Kijana wangu yuko kidato cha kwanza, na kila kibovu kinachoingia nyumbani, kwake ni mali. Alianza na redio ya babu yake, ikafuata feni, sasa kahamia kwenye betri za laptop zilizokufa. Anazipasua, anatoa seli za 18650 (zile betri ndogo za duara zilizomo ndani), anazipima kwa mita. Yenye volti 3 na ushee anaitunza, iliyolala anaiweka pembeni. Ametengeneza taa ndani ya kopo la maziwa, na umeme ukikatika tunaigombania.

Shida ni kuchaji. Alikata waya wa chaja ya simu akaunga moja kwa moja kwenye seli. Juzi moja ikachemka mpaka plastiki yake ikanuka. Fundi wa mtaani kaniambia seli isizidi volti 4.2, tununue kile kipande kidogo cha sakiti cha kuchajia seli, TP4056. Je, kinatosha, au nimkataze betri kwanza? Mama yake anataka vyote vitupwe. Mimi nasita, maana fizikia ya daftarini haimshiki, ila mezani hapa ananifundisha mimi.

Halafu risasi ya kuungia waya anachomea chumbani wanakolala wadogo zake. Wenye watoto wa hivi, mliwatengea wapi?