Sumaku imenasa kwenye ukingo wa stenlesi: je, fundi amenitapeli?

Mkaa Roshani: Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri kabla sijachukua hatua. Nimewekewa ukingo wa roshani wa stenlesi katika nyumba yangu ya Tanga, si mbali na bahari. Juzi, baada ya kuona madoa ya kutu, nilipitisha sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, nayo ikanasa. Tangu utotoni nimeambiwa kwamba sumaku hainasi kwenye stenlesi halisi. Je, nimetapeliwa?

Mama Sufuria: Pole, kaka. Mimi nilinunua jiko la induksheni, kisha nikagundua kwamba halizitambui sufuria zangu za stenlesi, kwa kuwa sumaku hainasi kwenye vitako vyake. Wewe unalia imenasa, mimi nililia haikunasa.

Mtu wa Karakana: Kipimo hicho ni dhaifu. Stenlesi ina aina nyingi, zinazoitwa madaraja na kutajwa kwa namba. Daraja la 304, lenye kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli takriban asilimia 8, kwa kawaida halivutwi na sumaku, ilhali daraja la 430, ambalo halitegemei nikeli, huvutwa sana na bado ni stenlesi halali. Tena hata 304 ikikunjwa bila kupashwa moto, mpangilio wa atomu zake hubadilika penye mkunjo, na hapo sumaku huvuta kidogo. Ilinasa wapi hasa?

Mkaa Roshani: Kwenye kona na penye viungo vilivyochomelewa. Kwenye mabomba yaliyonyooka iliteleza. Hata hivyo sioni kama hilo linabadilisha jambo, kwani aliyelipia stenlesi anastahili stenlesi mpaka kwenye kona.

Ustadhi wa Barazani: Tumeamrishwa kumlipa mtu ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Umemlipa?

Mtu wa Karakana: Nami naongeza swali: mabomba alinunua nani?

Mkaa Roshani: Kwa kuwa mnanibana, nitasema. Mabomba niliyanunua mwenyewe, kwa muuzaji aliyenipunguzia bei karibu nusu, ingawa fundi alinionya. Malipo yake ya mwisho nimeyazuia. Fundi huyo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na nimekwisha kutangaza mbele ya baba mkwe kwamba silipi, kwa hiyo msiniambie nirudi nyuma.

Mtu wa Karakana: Basi nashuku umeuziwa daraja la 201, ambalo sehemu kubwa ya nikeli yake imebadilishwa na manganizi. Sumaku hainasi humo pia, ndiyo maana haiwezi kukutenganishia 201 na 304, lakini penye hewa ya chumvi 201 huwahi kushika kutu. Yako matone ya kemikali ya kupimia manganizi, tafuta hayo. Kando ya bahari ungenunua 316, yenye molibdenamu. Shemeji naye aulizwe kama brashi ya waya na jiwe la grenda alivitumia kwanza kwenye chuma cha kawaida, maana chembe za chuma hicho hubaki juu ya stenlesi na kushika kutu.

Mpita Njia: Mimi siamini kisa hiki. Ni mwenye nyumba gani anayejiandikia mwenyewe kwamba fundi alimwonya? Huyu ndiye shemeji, anatafuta ushahidi wa kupeleka kwa baba yake.

Mama Sufuria: Hata mimi nilihisi hivyo. Shemeji, vuta subira, utalipwa.

Ustadhi wa Barazani: Kama ni shemeji, basi amekosea kujificha, ingawa haki iko upande wake.

Mkaa Roshani: Mimi si shemeji. Shemeji hana hata roshani. Nimewaelewa kuhusu mabomba, na muuzaji nitamfuata mwenyewe, lakini bado sijajibiwa jambo moja: ikiwa sumaku imenasa kwenye kona tu, je, ni halali nimlipe fundi kazi yote, nikakata fedha za kona?