Dereva anasema ni kadari. Nimjibu nini?

Mama Nuru, Iringa
Shikamooni wakubwa. Mwezi jana mdogo wangu wa mwisho alifia mteremko wa Kitonga. Alikuwa ameegesha bodaboda pembeni, anafunga mzigo kwa mpira, lori likamfuata palepale. Dereva alikuja msibani na wazee wake, akakaa mkekani: "Dada, ni kadari, siku yake ilifika." Wazee wetu wakaitikia. Kadari naiamini, nimelelewa nayo. Lakini utingo wake aliniambia kando kwamba walishuka nyutro, yaani gia imetolewa, ili wabakize mafuta. Kama Mungu alishaandika, namdai nini huyu mtu?

Fundi wa malori
Pole sana dada. Ya dini nawaachia wenyewe. Ukishuka na gia ya chini, injini inalishika gari. Ukiweka nyutro, uzito wote unaangukia breki. Zinapata moto, zinanuka, mwisho unakanyaga hazishiki. Ile harufu huanza mapema, na dereva mzoefu anaijua.

Ustadhi, Tanga
Inna lillahi. Dada yangu, Khalifa Umar akielekea Sham, nchi ya Syria na jirani zake, alifika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa mbele kuna tauni, akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza: unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akasema ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kuendea kadari ya Mungu. Hata neno letu "ajali", asili yake Kiarabu, ni muda wa kufa uliopangwa. Muda Mungu anaujua, nyutro kaiweka dereva. Soma An-Nisaa aya ya 92: hata aliyeua bila kukusudia ana kafara, na diya, yaani fidia ya damu, kwa wafiwa, isipokuwa wao wenyewe wasamehe. Msamaha huo ni wenu, hawezi kujichukulia mkekani.

Dereva mstaafu
Nimeendesha miaka 19. Tajiri anakupimia mafuta, ukizidisha anakata mshahara. Ndiyo maana watu wanashuka hivyo. Simtetei. Mimi pia nimeshuka nyutro, tena usiku, na sikukuta mtu barabarani. Tofauti yangu na yeye ni hiyo tu, na inaninyima usingizi. Huyo tajiri naye muulizeni.

Mama Nuru
Ahsanteni ndugu zangu. Aya nimeisoma mara tatu. Mzee wangu dereva, Mungu akulipe kwa kusema kweli. Jumapili yule dereva aliyemgonga mdogo wangu anakuja tena. Nitamuuliza harufu aliisikia akiwa wapi, na alipimiwa lita ngapi. Nataka anijibu yeye, siyo wazee wake.